Jibu: Udi kunuka moshi

Shoga, umeuliza mbona ukifukiza nguo udi wako unanuka moshi wa kuni na kanga zinatoka na harufu kali. Hapana kosa la udi, ni moto. Makaa yale ya duara ya dukani yana dawa ya kuyawasha haraka. Ukitia udi yangali yanatoa cheche, utafukiza dawa. Ngoja yaote jivu jeupe juu, kisha yafunike na jivu jembamba ndipo uweke kipande. Udi wapaswa kupata joto, usiungue. Udi uliopikwa na sukari ndio mbaya zaidi, huungua upesi, kwa hiyo tia kidogo kidogo.

Nguo ziwe kavu kabisa, na chetezo, yaani chombo cha kufukizia, usikiache peke yake chini ya nguo hata kidogo. Mie nishatoboa buibui, tena la sikukuu!

Udi uweke kwenye kopo lililofungwa vyema, maana unyevu wa hapa Lamu hauna huruma. Na manukato mengine: asmini ya kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia cha kuvaa, ichume jioni ingali vifumba, itafunguka usiku yenyewe. Liwa nayo, ule unga wa mti wa kunukia wa kupaka mwilini, ijaribu mkononi kwanza kabla ya uso.