Pampu inasukuma vizuri, lakini impela inaliwa

SWALI: Injinia, pampu yetu hapa Kabale inavuta maji kutoka kijito kilicho mita 4 chini yake. Tuliifunga kama tulivyofunga nyingine Mombasa, ambayo haijawahi kusumbua. Hii ya hapa, impela yake (gurudumu lenye mapezi linalosukuma maji) ya chuma cha kalibu imejaa vishimo kabla ya mwaka kuisha. Kitabu chake kinataka NPSH (presha ya ziada mdomoni mwa pampu inayozuia maji yasigeuke mvuke) ya mita 2.8. Je, hatari hii tungeitambuaje mapema?

JIBU: Ndugu fundi, anza na kimo cha mji wenu. Mombasa hewa husukuma maji kwa nguvu ya takriban mita 10.3 za kimo cha maji. Kabale, karibu mita 2,000 juu ya bahari, unabaki na kama 8.1. Toa 0.2 ya mvuke wa maji yenye nyuzi 20, toa mita 4 za kuvuta, toa tuseme 0.8 inayopotea kwenye bomba na chujio. Unabaki na 3.1, ndiyo NPSH mliyo nayo. Mpango huohuo Mombasa ungekupa 5.3.

Utasema 3.1 si inazidi 2.8? Hapo ndipo wengi hunaswa, na wauzaji hawajihangaishi kueleza. Kiwandani presha ya kuvuta hupunguzwa kidogo kidogo hadi nguvu ya pampu ya kupandisha maji ishuke kwa asilimia 3, ndipo tarakimu ile huandikwa. Kufikia hapo vipovu vya mvuke, ambavyo huzaliwa presha ikishuka mno na hula chuma vinapopasuka, vimeshazaliwa na kupasuka kwa muda mrefu. Vinaweza kuanza NPSH ikiwa bado mara mbili au tatu ya hiyo. Kwa hiyo maji kufika juu vizuri hakuthibitishi kwamba impela iko salama. Mimi sikubali chini ya mara moja na nusu ya tarakimu ya kitabu, na kwa chuma cha kalibu nataka zaidi.

Kabla ya kununua chochote, itazame impela yenyewe. Mchanga wa kijito huacha michirizi laini inayofuata njia ya maji. Vipovu huacha vishimo vinavyokwaruza, vyenye kingo kali, mahali pamoja. Vikiwa kwenye uso wa pezi unaouona ukichungulia mdomo wa impela, NPSH haitoshi. Vikiwa upande uliojificha, shuku kwamba pampu inaendeshwa kwa maji machache mno na maji yanarudi nyuma mdomoni.

Ukitaka jibu la haraka, paka mapezi rangi laini, endesha saa kadhaa kwa kiwango cha kazi, kisha fungua. Palipobanduka rangi ndipo chuma kitakapoliwa. Hakuonyeshi kasi ya kuliwa, lakini mahali hakudanganyi.

Kasi ya kuliwa hupanda vibaya mno na mwendo wa maji, takriban kwa kipeo cha 6. Ukipunguza mzunguko wa mota kwa asilimia 10, uharibifu unaweza kushuka hadi karibu nusu, ila na kimo cha kusukuma kitapungua kwa asilimia 19, kwa hiyo hakikisha tangi bado linafikiwa.

Kwenu ningeteremsha pampu mita 2 karibu na maji na kutumia bomba la kuvuta pana zaidi. Impela ya bronzi au ya chuma kisichoshika kutu itadumu zaidi, lakini ukiifunga bila kugusa bomba umenunua muda tu. Na kama kuna anayepunguza maji kwa kufunga valvu ya upande wa kuvuta, mkataze leo. Maji hupunguzwa kwa valvu ya upande wa kutoa.