Jina Langu ni Atuganile

Jina langu ni Atuganile. Ukilikata vipande linatamkika vizuri kabisa: A-tu-ga-ni-le. Sauti zake zote zimo katika Kiswahili. Hata hivyo nimeshaitwa Atugonile, Anganile, Tuganile na Atanganile, na kwa miaka minne nikiwa shule Iringa niliitwa Agnes.

Namwandikia yule ambaye jina lake linakosewa kila siku mpaka amechoka kusahihisha. Najua uchovu huo. Mimi niliuachia ukanishinda, na hasara yake bado naibeba.

Kwanza nieleze kwa nini linaniuma. Kwetu Tukuyu, mji wa Wanyakyusa mkoani Mbeya, jina ni sentensi. Atuganile maana yake ametupenda. Aliyetupenda hatajwi, lakini kila Mnyakyusa anajua ni Mungu. Asajile ni amebariki. Ambokile ni ameniokoa. Atupele ni ametupa. Mama alizika watoto wawili kabla yangu, na mimi nilipofikisha mwezi nikiwa mzima, baba akasema jina ni hilo. Sasa chukua ile "a" ya katikati uigeuze iwe "o". Kwa Kinyakyusa kugona ni kulala, ndiyo maana asubuhi tunasalimiana "Ugonile". Anayeniita Atugonile ameutoa upendo ndani ya jina langu na kuweka usingizi. Mtu aliyetoka Singida au Tanga hawezi kulijua hilo na simlaumu. Lakini sikio langu linalisikia kila mara.

Kuna na wanaoniuliza: "Hilo ni la nyumbani, la ubatizo je?" Nimebatizwa kwa jina hilohilo. Kanisa la Moravian lipo kwetu Rungwe tangu 1891, na wazee wetu wamebatiza vizazi kwa vizazi kwa majina ya Kinyakyusa: Ipyana, yaani neema; Lugano, yaani upendo; Lusajo, yaani baraka. Mtu akiniambia nimpe la Kikristo, namweleza maana ya hili nililonalo. Sijaona aliyerudia swali.

Habari ya Agnes ilianza siku ya kwanza ya kidato cha kwanza. Mwalimu alikuwa anaita majina. Alipofika kwangu akasimama, akajaribu mara moja, darasa likacheka. Akasema, "Wewe tutakuita Agnes." Nikaitikia. Nilikuwa na miaka 14, nina tranka jipya na godoro, simjui mtu hata mmoja mji ule. Niliona nikibisha nitaonekana mkorofi. Baada ya wiki mbili hata wenzangu wa chumbani hawakujua kwamba nina jina jingine.

Muhula wa pili tulipelekwa Kalenga, kule lilikohifadhiwa fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Yule aliyetuzungusha alituambia jina lenyewe lilikuwa Mkwavinyika, akalitamka polepole, akatutaka tulirudie wote. Akatueleza pia kwamba Wajerumani walikuwa wakimwandika Quawa. Na mji wenyewe wa Iringa, akasema, umetokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome; wageni walilichukua hivyo walivyolisikia na hivyo ndivyo lilivyobaki kwenye ramani. Nilikaa kimya njia nzima ya kurudi shuleni. Mkwawa alikufa 1898, fuvu lake likarudishwa nchini 1954, na mpaka leo kuna mtu anasimama mbele ya watoto kuhakikisha wanalitamka jina lake kamili. Na mimi niko hai, naitika Agnes.

Hata hapo sikusema kitu.

Mwaka wa tatu bibi yangu alikuja kunitembelea. Alisafiri siku nzima kutoka Tukuyu, akalala kwa ndugu, asubuhi akaja shuleni na kikapu cha ndizi na karanga. Mlinzi akamuuliza anamtaka nani. Akasema Atuganile. Mlinzi akaenda bwenini kuuliza, akaambiwa hakuna mtu huyo. Kiswahili cha bibi kilikuwa cha kubahatisha, hakuweza kueleza zaidi. Akaketi chini ya mkaratusi nje ya geti, kikapu mapajani, tangu saa nne asubuhi. Mimi nilimkuta saa kumi jioni nilipotoka na ndoo kwenda kuteka maji. Kitenge chake kilikuwa kimejaa vumbi la magari yaliyopita barabarani. Hakunikasirikia. Aliniuliza taratibu, kwa Kinyakyusa, kama nimebadili jina. Nilishindwa kumjibu. Mpaka leo hilo ndilo swali ninalolikumbuka kila ninaposikia jina langu linakosewa na moyo unaniambia niache tu, yaishe.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ndio huo: sahihisha mara ya kwanza kabisa. Samaki mkunje angali mbichi. Mtu akilikosea jina lako siku mnayofahamiana, hana aibu yoyote, maana hakujua. Akilikosea kwa miezi sita ndipo ukamwambia, anaona ulikuwa unamhesabia. Sema kwa sauti ya kawaida: "Samahani, naitwa Atuganile," kisha endelea na mazungumzo mliyokuwa nayo. Usieleze sana, na usijishushe. Yale maneno ya "vyovyote tu", "usijali", "hata Agnes ni sawa" ndiyo yaliyonimaliza. Ukishasema vyovyote tu, umeshampa ruhusa, na atawafundisha wengine hivyohivyo.

La pili, mpe mtu pa kushika. Wengi hawana dharau, wanashindwa tu kulikamata jina kwa mara moja. Mimi nikimtajia mtu langu namwambia: anza na "atuga", halafu malizia "nile", kama unaposema nipe ugali nile. Huwa wanalipata palepale, na hawalisahau. Kaa utafute njia kama hiyo katika jina lako. Kama unaitwa Gwakisa au Anyelwisye, tafuta neno la Kiswahili linalofanana na kipande kimojawapo, au eleza maana yake. Maana inasaidia sana. Mtu akishajua kwamba jina ni ametupenda, anaona haya kulitamka hovyo.

Mzee au bosi ni suala la peke yake, na hapa wengi ndipo wanapokwama, maana tumelelewa kutomkosoa mkubwa. Mimi nanunua mchele wa Kyela na kuusafirisha, na kuna mzee mmoja mwenye ghala aliyeniita Atugonile kwa miaka miwili. Siku moja nilimkuta peke yake, nikamwamkia. "Shikamoo mzee wangu. Nina ombi dogo." Akasema, "Sema mwanangu." Nikamwambia jina langu na maana yake, nikamwambia na ile ya kulala. Alitulia, akashika kichwa. "Miaka yote hii, mbona hukuniambia?" Tangu siku hiyo akiniona mbali anaita kwa sauti, herufi zote zipo. Usimsahihishe mkubwa mbele za watu. Mfuate pembeni, anza na heshima, lifanye ombi. Sijakutana na mzee aliyekataa.

Wapo wachache wanaokosea kwa makusudi, wanaocheka jina, wanaosema "haya majina yenu ya Mbeya". Huyo mwambie mara moja, mara ya pili, baada ya hapo usiitike. Akiita Agnes, Agnes hayupo. Atakuja mwenyewe kukugusa bega, na utamjibu vizuri bila kinyongo.

Sasa karatasi, maana hapa ndipo panapoumiza mfuko.

Tulipokaribia mtihani wa kidato cha nne, majina yalibandikwa ukutani ili kila mmoja ahakiki la kwake kabla hayajatumwa. Nilikwenda. Nikaliona: ATUGONILE. Nilisimama pale nikiwa na kalamu mkononi, nikafikiria kwenda ofisini, nikafikiria kuelezea tena, nikaona tabu. Nikaondoka. Cheti kikatoka hivyohivyo. Miaka mitatu baadaye naomba nafasi ya masomo, cheti cha kuzaliwa kinasema Atuganile, cha shule kinasema Atugonile, na ofisi moja ikanirudisha mara tatu. Mwishowe nilikwenda kwa wakili nikala kiapo kwamba wenye majina hayo mawili ni mtu mmoja. Hiyo hati ya kiapo nimeihifadhi kwenye bahasha moja na vyeti vyangu, na kila ninakopeleka cheti naambatisha nakala. Herufi moja tu, ambayo ningeifuta kwa dakika mbili pale ukutani.

Basi nisikilize. Ukipewa karatasi yoyote yenye jina lako, usiipitishe macho tu. Weka kidole kwenye herufi ya kwanza, usome moja moja mpaka ya mwisho, ndipo utie saini. Fanya hivyo kwa fomu ya shule, kadi ya kliniki, mkataba wa nyumba, hata tiketi ya basi. Kwenye usajili wa kitambulisho cha taifa ndipo uwe makini kuliko pengine pote, kwa kuwa ile namba ya tarakimu 20 sasa imefungwa na laini ya simu, na jina lililoko kule ndilo linalotokea mtu anapokutumia pesa. Ukiliona kosa, lisemee siku hiyohiyo, pale dirishani, hata foleni nyuma yako ikiguna. Na mwandishi akikuuliza jina, usimtajie tu. Mwandikie kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi umpe anakili. Sisi wa nyanda za juu tunajua jinsi "l" na "r" zinavyobadilishana mdomoni. Lusajo wangapi wameandikwa Rusajo kwa sababu mwandishi aliandika alivyosikia?

Hasara ya Agnes ilinifuata hadi kwenye biashara. Mwaka juzi rafiki wa shule alimpa mteja wa Dodoma namba yangu, akamwambia, "Huyu ni Agnes wa mchele." Tukapatana magunia kumi. Mteja alipotaka kutuma malipo ya awali, simu ikamletea jina la Atuganile. Akaogopa utapeli, akakata. Nilimpigia nikaeleza, lakini mtu akishaingiwa na shaka juu ya pesa yake huwezi kumlaumu. Alinunua kwingine. Jioni ile nilikaa na simu nikawatumia ujumbe wenzangu wote niliosoma nao: naombeni mnisajili upya kwenye simu zenu, jina langu ni hili. Karibu wote walijibu. Wengine walisema hawakuwahi kujua. Niliona kwamba nilikuwa nimesubiri bure kwa miaka ishirini.

Akina mama tuna jambo letu jingine. Ukishajifungua, jina lako linaingia ndani, unakuwa Mama Lusajo. Nalipenda jina hilo, linanipa heshima, na majirani wakiniita hivyo naitika kwa furaha. Ila kwenye kikoba chetu tuliwahi kuwa na Mama Lusajo watatu kwenye daftari moja, na mwisho wa mwaka kugawana kulichukua siku mbili, kwa sababu hakuna aliyejua hisa za nani ziliandikwa kwa nani. Sasa daftari lina majina yetu wenyewe, yale tuliyopewa na wazazi. Mwenzetu mmoja, mama mtu mzima wa Kisafwa, alipoulizwa jina lake alinyamaza kidogo kabla ya kulitaja. Alisema ana muda mrefu hajaulizwa. Kama uko kwenye kikundi, hebu waulize wenzako majina yao.

Kwa ninyi mnaotuita, walimu, wauguzi wa mapokezi, washereheshaji wa harusi, makarani wa mabasi: mkilikuta jina msilolijua, msilirukie. Mwulize mwenyewe, "Naomba unitajie jina lako vizuri." Ni sekunde tano. Mtoto anayechekwa darasani kwa sababu ya jina lake, mwalimu ndiye aliyefungua mlango wa kicheko hicho, na mwalimu ndiye anayeweza kuufunga.

Na kwa mzazi mwenye kichanga. Mkoa wa Mbeya ndiko ulikoanza, mwaka 2013, mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, wa kuwasajili watoto chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Cheti hutolewa bila malipo, na kinaandikwa kwa mkono. Yaani jina la mwanao litakuwa vile kalamu ya muuguzi au mtendaji wa kata itakavyokwenda. Nilipompeleka wangu nilikwenda na karatasi niliyoiandika nyumbani, herufi kubwa, LUSAJO. Nikamwekea dada wa watu mezani, nikamwambia, "Samahani dada yangu, naomba uangalie hapa unapoandika." Aliandika huku anatamka kila herufi, akakigeuza cheti kuelekea kwangu kabla hajagonga muhuri, akasema, "Soma, mama." Nikaweka kidole kwenye L, nikasoma mpaka O.