Geuza nondo kwanza, ndipo uhesabu

Jana nimeliona tena. Ndoo ya mtego imefunguliwa, nondo wakamwagwa kwenye karatasi, kijana akahesabu thelathini na wanne, akawaandika wote safu ya viwavijeshi, wadudu ambao viwavi wao hula mahindi. Hakumgeuza hata mmoja. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hapo mnaniumiza.

1. Tandaza bawa la mbele. Dume wa kiwavijeshi vamizi ana bawa la kahawia na kijivu lenye mabaka, na doa jeupe karibu na ncha. Jirani yake anayevutwa na chambo hichohicho cha harufu ya jike, nondo aitwaye Leucania loreyi, ana rangi ya nyasi kavu, mistari myembamba inayofuata mishipa, na kitone cheupe katikati. Bawa la nyuma lisikudanganye, wote wawili wanalo jeupe.

Mimi sikugeuza. Mvua ndefu za 2018, mwaka mmoja tu tangu mdudu huyu athibitishwe Kenya, nilisimamia mitego sita upande wa Bungoma. Hofu ilikuwa imetanda, na kila chenye rangi ya kahawia nilikihesabu. Nikawaambia wakulima mitego imefurika. Mama mmoja akapiga dawa mara mbili, kwa pesa aliyoiweka ya mbolea ya kukuzia. Niliporudi alinishika mkono hadi katikati ya shamba, akapanua moyo wa muhindi mmoja, wa pili, wa kumi. Majani mazima. Hakuna kinyesi cha kiwavi, hakuna vidirisha, yale madoa angavu ya jani lililokwanguliwa. "Mwanangu, hao wadudu wako wapi?" Sikuwa na jibu. Usiku ule nilimwaga ndoo upya mezani, nikaanza kugeuza: wengi walikuwa wa rangi ya nyasi kavu. Mahindi yake, kwa kukosa mbolea, yalibaki ya manjano hadi mavuno.

2. Ingia shambani kabla ya kushauri dawa. Mtego hunasa madume tu. Kinachokula ni kiwavi.

3. Andika mwinuko. "Magharibi ya Kenya" si mahali. Busseola fusca, nondo wa kiwavi anayetoboa mabua, naye wa kahawia, hutawala nyanda za juu kama Kitale. Chilo partellus, mtoboa mabua mwingine aliyetoka Asia, hupenda joto la nyanda za chini, kama kandokando ya Ziwa Victoria. Lebo isiyo na mwinuko haimsaidii anayechora ramani.

4. Hifadhi sampuli. Wale wa misimu yangu ya mwanzo niliwatupa, na hesabu zile hakuna wa kuzisahihisha sasa. Bahasha za kuwahifadhia zimo kwenye droo ya chini, karibu na kalamu za risasi. Chukueni za kutosha kabla ya safari ya Jumatatu.