Nondo Mwekundu wa Likeni: Ukishamwona Kwenye Taa, Mfuate Mpaka Kwenye Mti Wake

Wiki iliyopita dada mmoja, msomaji wa siku nyingi, alinitumia picha ya mdudu mwekundu mwenye michirizi ya kijivu, ametua ukutani chini ya taa ya baraza. Akaandika: "Kaka, mmoja kaniambia ni mbawakawa, mwingine kaniambia ni kipepeo ambaye hajakomaa. Nakuachia wewe." Dada yangu, huyo ni nondo, tena mzima kabisa, na katika nondo wote wa huku mashariki mwa Marekani tunakoishi mimi na wewe, sijui kama yupo ninayempenda kuliko yeye. Jibu langu lilizidi urefu wa ujumbe wa simu, nikaona nilimalizie hapa. Najua wengi mnaonifuata mna kiu ileile niliyo nayo: kumwona mdudu, kumtaja kwa jina lake kamili, na kuweza kuitetea kauli yako mbele ya yeyote.

Jina lake la kisayansi ni Hypoprepia miniata. Mwingereza William Kirby ndiye aliyemweleza mwaka 1837. Anapatikana kuanzia kusini mwa Kanada hadi Florida na Texas, na miezi yake ni ya kiangazi. Akitua hukunja mabawa yakalala bapa mgongoni, ndiyo maana watu wanamdhania mbawakawa. Mabawa ya mbele ni mekundu kwelikweli, na juu yake pana michirizi mipana ya kijivu iliyokolea: miwili inaanzia mabegani kuelekea nyuma, na wa tatu uko karibu na ncha ya bawa. Akifunua mabawa, ya nyuma yana wekundu uliopoa kidogo na ukingo mweusi-mweusi.

Sasa, ana ndugu yake anayewachanganya watu kila mwaka. Huyo ni Hypoprepia fucosa, aliyepewa jina na Mjerumani Jacob Hübner. Michirizi ni ileile, umbo ni lilelile, na mara nyingi wanaishi msitu mmoja. Tofauti iko katika eneo lililo kati ya michirizi. Kwa fucosa utaona manjano na wekundu vimekaa pamoja kwenye bawa moja, manjano hasa katikati na kuelekea mabegani. Kwa miniata ni nyekundu mwanzo mwisho, wakati mwingine ikielekea rangi ya chungwa, lakini si rangi mbili zilizopakana. Hapo ndipo pa kukazia macho. Mengine yote ni mapambo.

Na hapo ndipo nilipoumizwa. Nilikuwa nimepata miniata wangu wa kwanza, nikampiga picha mbili: moja usiku chini ya balbu ya mwanga wa njano, nyingine alfajiri, mdudu yuleyule, akiwa bado hajahama ukutani. Nikaweka zote mbili kwenye tovuti moja ya kumbukumbu za wanyama na mimea. Haikuchukua muda, mtu mwenye jina kubwa pale akaibadilisha kuwa fucosa, akaniachia maneno matatu: "Jifunze rangi kwanza." Ile picha ya alfajiri ilikuwa chini yake tu. Hakuifungua. Nilijieleza kwa upole, sikujibiwa. Wengine wakaja wakamfuata mkubwa wao bila hata kuangalia, na kumbukumbu yangu ikabaki na jina lisilo lake. Nasema wazi kwamba mpaka leo jambo hilo bado linanichoma. Si kwa sababu nilipingwa, kupingwa ni sehemu ya kazi hii. Ni kwa sababu ushahidi ulikuwepo na mtu hakujisumbua kuutazama.

Nikaamua sitabishana tena kwa maneno. Nondo kwenye taa yuko safarini. Kutaka kumjua hapo ni kama kutaka kumfahamu mtu kwa kumwona mara moja stendi ya basi. Ana kwake, na kwake ndiko kwenye ushahidi wa kutosha. Kwa hiyo nikatoka barazani nikaingia msituni, kwenye mteremko wa milima ya Appalachia ulio karibu nami, nikaanza kutazama magome ya miti badala ya kutazama kuta.

Hapa inabidi nieleze likeni, maana bila likeni hakuna nondo huyu. Ni yale mabaka ya kijani-kijivu, meupe au ya manjano unayoyaona kwenye magome, mawe na nguzo za zamani. Watu wengi huyaita ukungu au ugonjwa wa mti. Likeni ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja: kuvu hujenga mwili na kushika maji, mwani hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula. Mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, Simon Schwendener, alipolisema hilo kwenye miaka ya 1860, wenzake wengi walimbeza. (Mnaona? Kubezwa hakukuanza na sisi.) Likeni haina mizizi na hainyonyi mti, gome kwake ni mahali pa kukaa tu. Maji na madini inayachukua kutoka kwenye mvua, ukungu na hewa, na hukua polepole mno, nyingi zikiongezeka milimita chache tu kwa mwaka.

Viwavi wa miniata na fucosa hula vitu hivyo: likeni, na mwani unaoota juu ya gome. Ni viwavi weusi-weusi wenye nywele ngumu, na wengi wa kundi lao hula usiku na kujibanza mchana kwenye nyufa za gome. Kwa hiyo tochi yako usiimulike juu kwenye majani. Imulike gomeni, kwa pembeni, mwanga uteleze juu ya gome ili kila kinachochomoza kitupe kivuli. Nilipofanya hivyo kwenye mwaloni mmoja mzee, nililolidhania kuwa kipande cha gome kilichoning'inia kilianza kutembea. Nikasogea hadi pumzi yangu ikamfikia. Kichwa chake kilikuwa kinakwenda kushoto na kulia kwenye ukingo wa baka la likeni, taratibu, na alikopita aliacha njia nyembamba iliyopauka ambapo ngozi ya juu ya likeni ilikuwa imekwanguliwa. Siku hizi nikiona njia hizo mchana, najua mti huo nirudie usiku.

Kipindi cha kusubiri nakiruka, hakina la kusimulia. Kiangazi kilipofika nilitundika shuka jeupe hatua chache kutoka kwenye miti ile, nikawasha taa ya urujuanimno, nao wakaja: miniata kadhaa, na fucosa kati yao. Kila mmoja nilimpiga picha akiwa kando ya kipande cha karatasi nyeupe. Karatasi hiyo ndiyo silaha yangu, na nawasihi mbebe yenu. Ikitoka nyeupe pichani, basi manjano unayoyaona ni ya nondo. Ikitoka ya manjano, basi ni ya taa. Niliziweka picha zote, pamoja na za magome na za likeni. Safari hii hakuna aliyebisha. Ile kumbukumbu ya kwanza nayo ikarudishiwa jina lake. Yule bwana hakuniandikia neno, lakini jina lilirudi.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisisitize makazi: hata hadhari iliyo kwenye rangi ile inahusiana na chakula. Likeni hutengeneza kemikali kali za kujilinda. Uchunguzi wa nondo kadhaa wa Lithosiini, yaani kundi kubwa la nondo wala likeni ambalo miniata na fucosa wamo, umeonyesha kwamba viwavi huhifadhi baadhi ya kemikali hizo mwilini, na kwa baadhi ya spishi zinafika hadi kwa nondo mzima. Rangi zinazopiga kelele kwa kawaida ni onyo kwa ndege. Ndugu yao mwingine, Lycomorpha pholus, mweusi mwenye mabega ya rangi ya chungwa, huruka mchana kweupe na kufanana sana na mbawakawa wa familia ya Lycidae ambao ladha yao ni mbaya kwa ndege. Wapo pia katika kundi hili wanaowapigia popo milio ya kubofya, ya masafa tusiyoyasikia. Ukimtazama nondo kama pambo la ukutani, yote haya yanakupita.

Na hewa je? Mwaka 1866 mtaalamu wa likeni William Nylander aligundua kwamba bustani ya Luxembourg mjini Paris ilikuwa na likeni ambazo sehemu nyingine za mji zilizikosa, akahusisha tofauti hiyo na usafi wa hewa. Gesi ya salfa dioksaidi kutoka kwenye makaa ya mawe huziua nyingi. Nchini Uingereza, nondo wala likeni wameongezeka katika miongo ya karibuni, na kupungua kwa uchafuzi huo kunatajwa kuwa sababu mojawapo, pamoja na joto kupanda. Kwa hiyo ndugu zangu, acheni kusugua magome kwa brashi. Acheni kumwagia miti dawa ili ionekane safi. Acheni kuondoa kila tawi kavu lililoanguka, maana mara nyingi tawi hilo limejaa likeni. Mnaomba kuona wadudu wa rangi huku mnafagia chakula chao! Mtu anayetaka kuitwa mjuzi wa nondo lazima kwanza awe mlinzi wa gome, na hilo sitachoka kulirudia. Tazama gome. Tazama likeni. Kisha tazama mdudu.

Kwa picha yako, dada: kati ya michirizi sioni manjano hata chembe, na ukuta ulio nyuma yake umetoka mweupe, kwa hiyo taa haijatudanganya. Namwita Hypoprepia miniata na nasimama hapo. Kabla ya Agosti kuisha, toka usiku usio na upepo ukague miti iliyo karibu na baraza hiyo, uanze na ule wenye mabaka mengi. Chukua tochi, rula ndogo na karatasi nyeupe. Piga picha ya nondo kwa juu, piga ya gome zima, na usisahau kuandika ni mti gani.