Baraza la Shangazi: Moyo umekufa, au ni hesabu?

Mwezi huu barua zimejaa, na karibu zote ni jambo moja, watu wa Mombasa mmechoka jamani. Kuna walio mbioni na hawaoni wanapofika, na kuna waliofika lakini wanaona watu wao wamewageuka. Nimechagua tatu. Majina nimeyatoa kama kawaida.

Shikamoo Shangazi. Nna miaka 27, nakaa Mishomoroni, nna mtoto mmoja. Mwezi wa kwanza nilienda semina ya hawa wanaotia watu moyo, tukalipa mia tano mtu, tukaambiwa ukifanya kitu siku 21 bila kukosa kinakuwa tabia, hutajilazimisha tena. Nikaanza bizna ya mahamri na mbaazi. Naamka saa tisa usiku, saa kumi na mbili niko barazani nauza, jioni naposti stetasi na kupeleka oda. Siku 21 zikapita, mpaka leo miezi minne, bado naamka kama nabururwa. Na kuna dada mtaa wa pili alianza nyuma yangu, sasa ana mafolowa elfu sita na ile taa ya mviringo ya kupigia picha, mimi nikimuangalia mikono inaniisha nguvu. Na si kwamba siuzi, juzi nilipata elfu mbili safi, mahamri 120 kwa shilingi kumi na sahani 20 za mbaazi kwa arobaini. Vitu vyote pamoja na mkaa 1,350, bando 50, na tuktuk ya kupeleka oda Bamburi na kurudi 250 manake niliweka ofa ya kuletewa bure. Lakini wiki iliopita nimefungua siku tatu tu. Nifanyeje moyo urudi? Mama Mahamri, Kisauni.

Marahaba mwanangu, na pole. Kwanza hiyo ya siku 21 itoe kichwani, wamekuchezea na mia tano yako. Ilianzia mwaka 1960 kwa daktari mmoja wa upasuaji Marekani, aliandika kuwa wagonjwa aliowatengeneza upya, pua na nini, walichukua kama siku 21 hivi au zaidi kuzoea kujiona kwenye kioo. Pua mwanangu, si biashara. Watu wakaichukua, wakaikata ile "au zaidi", wakaanza kuiuza. Baadaye chuo kikuu cha UCL kule London wakawafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja kachagua jambo lake dogo la kila siku, mara kunywa maji, mara kula tunda, mara kukimbia kidogo, na majibu yakatoka 2009: kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo likaanza kujiendea lenyewe, wa haraka kabisa siku 18, na wa mwisho walimkadiria siku 254. Na waliona mtu akikosa siku moja hakuharibiki kitu. Sasa hao wengine walikuwa wakinywa maji tu na bado wakachukua miezi, wewe wakanda unga saa tisa usiku halafu wajilaumu kwa nini hujazoea. Saa tisa hiyo hata majogoo wamelala.

Ya pili, na hii ndio iliyonifanya niichague barua yako, hebu soma tena ile hesabu uliyoniandikia. Umesema elfu mbili safi. Safi iko wapi? Toa 1,350, imebaki 650. Toa bando, 600. Toa tuktuk, 350. Mia tatu na hamsini, kwa mtu alieamka saa tisa usiku na jioni yuko Bamburi amebeba mfuko. Mimi sioni kama moyo wako umekufa, mimi naona moyo wako umepiga hesabu kabla yako wewe. Mwili unajua ukifanyishwa kazi ya bure, hauna maneno ya kukwambia basi unakataa kuamka, na wewe waenda kutafuta mtu akupigie kelele uamke.

Nakwambia haya manake yamenipita mimi mwenyewe. Zamani nilikuwa na duka la madera pale Bondeni, mzigo naleta Eastleigh, karibu na Idi watu wanajaa mpaka wanavalia mlangoni. Idi ikipita nabaki mimi na feni. Nikawa kila asubuhi mguu mzito, nikasema nimerogwa wallahi, nikasomewa, nikanywa kombe, mguu ule ule. Mpaka mwenye nyumba alipopandisha kodi ndio nikakaa chini na kalamu, nikaona kumbe miezi mitano duka lalipwa na mikopo ya simu, na madera ya watu waliokopa nikiona haya kuwadai yalitosha kufungua duka jengine. Nilikuwa nafungua ili nionekane nimefungua. Nililia siku ile, lakini kesho yake mguu ulikuwa mwepesi, na mlangoni pa duka sikurudi tena isipokuwa kutoa mzigo.

Sasa wewe hujafika huko, biashara yako ni nzima, kilichoiumiza ni kile cha kuonekana. Hiyo ofa ya tuktuk uliiweka kwa sababu ya wateja au kwa sababu yule dada ameiweka? Usinijibu, jijibu mwenyewe. Anaetaka aletewe Bamburi alipe tuktuk yake, au aagize kuanzia mahamri 50 na tuktuk mgawane nusu nusu. Siku ya juzi bila tuktuk ungebaki na 600, na hujauza hata hamri moja zaidi. Kuposti posti mara mbili kwa wiki, Ijumaa na Jumapili usiku watu wakifikiria chai ya kesho, zile siku nyengine simu ilale. Mafolowa elfu sita hawali mahamri, wanaokula ni wale wa barazani kwako wanaouliza mama mbona hatukuoni, hao ndio uwahesabu. Na daftari la yule dada hujaliona, umeona taa tu.

Ya usingizi nayo. Unga ukande baada ya isha, hamira punguza sana manake kwa joto letu hili ukiweka ya kawaida utaukuta umechacha na umemwagika karaini, ufunike, asubuhi ni kusukuma na kuchoma, utaamka saa kumi na nusu badala ya saa tisa. Mbaazi zichemshe jana yake, tui la mwisho ndio utie asubuhi. Saa moja na nusu za usingizi kila siku, hiyo ni motivesheni kushinda semina zote.

Na ukichoka funga, lakini funga kwa siku inayojulikana, waambie Jumatatu sipo. Ami yangu alikuwa mvuvi Mtongwe, na ukimuuliza ami leo huendi baharini, anakwambia maji mafu haya, nashona nyavu. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu kuna bamvua, maji yajaa mpaka yagonga kuta na yakipwa yanaacha mwamba mtupu, kisha katikati yake yaja maji mafu, yamelala tu, hayajai sana hayapwi sana, na wiki mbili hazipiti hujayaona yote mawili. Sijawahi kumsikia akisema bahari imemkosea au kwamba yeye si mvuvi tena. Wewe Januari ulikuwa bamvua, umetoka seminani damu inachemka, ukapanga maisha yote kwa kipimo cha siku ile. Panga kwa maji mafu: mahamri mangapi waweza kupika siku ambayo hutaki hata kusalimiwa? Kama ni 80, basi bizna yako ni mahamri 80, yakizidi ni baraka. Niandikie baada ya miezi miwili, na safari hii uandike safi ikiwa safi kweli.

Shangazi salaam. Mimi ni kijana wa Majengo, 31, kwa miaka sita nilikuwa kibarua tu bandarini, sahii nimepata kazi nzuri kampuni ya kutoa mizigo na nimeanza ka-bizna pembeni, Mungu amefungua. Shida ni watu. Maskani wananiita bosi kwa kejeli, nisipokaa wasema najiona, nikikaa nalipia chai ya watu wote. Nyumbani kila mwisho wa mwezi simu hazikatiki, binamu huyu karo, yule kodi. Na mimi mwenyewe nimebadilika, juzi nilimkaripia mzee wa duka mbele za watu kwa sababu ya chenji ya shilingi kumi, usiku sikulala. Nafikiria nihame Nyali nibadilishe na laini ya simu nianze upya. Nakosea? Bosi wa Lazima.

Mwanangu, hiyo laini usibadilishe, wewe si jambazi. Kuhama hama ukitaka, nyumba ni nyumba, ila usihame ukidhani Nyali kuna watu wasioomba, utaombwa na askari wa geti.

Wengi watakwambia ondoa watu wote wanaokurudisha nyuma, mimi hilo silipendi, ni maneno ya mtu ambae hajawahi kubebewa jeneza. Siku utakapofiwa ni wale wa maskani watakaochimba kaburi, si mafolowa na si majirani wa geti. Lakini pia si lazima ukae nao kila jioni. Kaa Ijumaa baada ya swala, lipa chai siku hiyo, na siku nyengine pita useme salaam na uende. Watasema unajiona, wiki mbili tatu, kisha watapata mtu mwengine wa kumsema, maskani haikai bila mtu wa kusemwa.

Pesa za nyumbani nazo ziwekee daftari kama Mama Mahamri hapo juu. Kabla mshahara hujaugusa toa fungu la watu, iwe elfu tatu au elfu nane wewe ndie wajua, liweke mbali na pesa yako. La mwezi likiisha limeisha, na unaweza kumwambia binamu kwa kinywa cha kweli, la mwezi huu limekwisha, nimekuandika mwezi ujao. Utaona wengine hawarudi mwezi ujao, na hapo utajua ilikuwa karo au haikuwa karo. Mama yako usimuweke kwenye fungu hilo, mama ana lake.

Sasa la mzee wa duka. Hilo ndilo kubwa kwenye barua yako na wewe umelipitisha kwa sentensi moja. Shilingi kumi! Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, sisi tumezoea kuisema kwa anaesifiwa kweli, lakini hata sifa za kejeli hulevya, ukiitwa bosi kila siku siku moja utaamini na utatafuta mtu wa kumfokea. Kesho nenda dukani kwa mzee, peke yako, umwambie mzee wangu nilikukosea, ununue sukari yako uondoke. Usiende na zawadi kubwa, zawadi kubwa ni ubosi mwengine.

Na tafuta mahali ambapo cheo chako hakina maana. Eliud Kipchoge, na najua kila mtu anamtaja mpaka amechosha, lakini hili la kambini kwao Kaptagat mimi hulipenda kushinda mbio zake: ana dhahabu mbili za Olimpiki za marathoni, Rio 2016 na Tokyo iliyokimbiwa 2021, na zamu ya kusafisha vyoo ilikuwa ikifika anasafisha kama vijana wengine. Mwaka 2017 kule Monza alikosa kushuka chini ya saa mbili kwa sekunde 26 tu, alitoka 2:00:25, akarudi kambini kwenye ndoo na brashi zile zile, na 2019 Vienna akatoka 1:59:40. Sisemi brashi ndio iliyompa zile sekunde. Nasema mtu akishika brashi hawezi kujisahau yeye ni nani. Wewe brashi yako ni ipi? Kuosha majamvi na mabusati ya msikiti Alhamisi, kuteka maji ya bibi, kuwapangia watoto wa mtaa mpira, chagua, lakini iwe kazi ambayo hakuna atakaekuita bosi ukiifanya, na usiipige picha.

Shangazi, mimi niko fomu foo. Nikisikiliza zile video za motivesheni asubuhi nahisi naweza kushinda dunia, nikifika shule saa mbili, nguvu zimeisha. Nisikilize nyengine? Mwanafunzi, Likoni.

Hapana, hizo zimetosha. Kama huna kivuko cha kukimbilia, dakika zile za video fanya hesabu mbili za jana ulizokosa, tena fanya kabla hujafungua simu. Na kama ni mwenye kuvuka na feri, basi foleni ya feri yatosha kusoma ukurasa mzima, siku nyengine hata miwili, nyinyi watu wa Likoni Mungu amewapa muda wa bure na hamuutumii.

Mama wa Changamwe wa kuku, barua yako nimeipata lakini ukurasa wa pili umelowa, hesabu ya chakula cha kuku haisomeki. Niandikie tena, na uniambie vifaranga vilivyokufa ni vingapi, usione haya.