Shangazi, sola imetuletea ugomvi ndani ya nyumba

"Shangazi, shikamoo. Tunaishi Goba, mimi, mume wangu, watoto wawili na dada wa kazi. Baada ya mgao wa mwishoni mwa 2023 mume wangu alijinyima mpaka akafunga sola: paneli sita za wati 400, inveta ya kilowati 3, betri mbili za maji za volti 12, kila moja Ah 200. Sasa amebandika ratiba jikoni. Kufua, kupampu maji, kupika maharage, kupiga pasi, vyote saa nne hadi saa tisa mchana. Usiku anazima swichi ya TANESCO ili uniti za LUKU zisiguswe. Mimi nafanya kazi Kariakoo, narudi saa mbili usiku. Juzi nilipiga pasi sare za watoto. Saa tisa usiku betri zikakata, feni ikazima, mdogo akaamka amelowa jasho. Baba watoto anasema namhujumu. Wiki iliyopita inveta ilizima mchana, akamfokea dada kwenye simu. Dada mwenyewe hata mafunzo ya cherehani ameacha kwenda. Nifanyeje? Mama Wawili."

Marahaba, mwanangu. Poleni, na mdogo mpe pole yake.

Ratiba ya mumeo usiichane, ina akili. Jua likishapanda, betri zikijaa na hakuna anayetumia, umeme wa paneli unapotea tu. Usiku ni kinyume: kila kinachowaka kinakula betri. Zenu mbili zina uniti 4.8 kwa jumla, lakini betri za maji hazitakiwi kushushwa chini ya nusu, zitakufa mapema. Kwa hiyo usiku wenu mzima una uniti 2.4. Feni ya wati 60 ikizunguka kwa muda wa saa kumi imekula uniti 0.6. Friji mpaka asubuhi karibu kiasi hichohicho. Weka taa, televisheni na chaji za simu, tuseme 0.5. Kisha pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa, nusu uniti nyingine. Hapo mmebaki na kidogo sana, na betri zikiwa zimeanza kuchoka, au kulikuwa na wingu mchana, saa tisa usiku mko gizani.

Mwambie baba watoto kwa upole, akiwa ameshakula: hukumhujumu. Ulitumia nusu uniti. Kwa bei ya kawaida ya LUKU haifiki hata shilingi 200. Mnanuniana kwa hela isiyonunua soda.

Sasa huyu binti wa kazi. Yeye hakuharibu kitu, alitii karatasi. Mashine ya kufulia ikichemsha maji inavuta kama wati 2,000. Jiko la presha la umeme 1,000. Pampu ya nguvu ya farasi moja 750, na inapoanza kuzunguka inavuta mara kadhaa zaidi kwa sekunde chache. Nimewahi kusimama mbele ya inveta yangu wakati pampu inawashwa: kioo kilikuwa kinasoma wati 310, namba ikaruka, taa ya koridoni ikapepesa, ndipo ikatulia. Vitu hivyo vitatu vikiwaka pamoja, inveta ya kilowati 3 itajizima, na ni vizuri ijizime kuliko iungue. Kosa ni la ratiba iliyobana kila kitu humo bila kusema kipi kinamfuata kipi. Baba watoto amwombe radhi, na amwombe ana kwa ana.

Lakini sentensi iliyoninyima usingizi katika barua yako ni ile fupi ya mwishoni, uliyoipitia haraka. Ameacha cherehani. Mwanangu, wewe na mumeo mchana hampo. Kazi zilizokuwa zinagawanyika asubuhi, jioni na usiku, nyingine ukizifanya wewe mwenyewe, zote zimehamia saa ambazo nyumbani yupo mtu mmoja tu. Jua ni la bure, ila anayelikimbiza ni binti wa watu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri. Yale masaa ya mchana ndiyo yalikuwa yake, na cherehani ndiyo itakayomtoa jikoni kwako siku moja. Nyumba isipate nafuu kwa kumnyima hiyo.

Na haina ulazima. Pampu iwashwe saa nne, tangi la juu likijaa mnaoga usiku bila kugusa betri. Ikizimwa, maharage yaingie kwenye jiko la presha. Yakiiva yakae kwenye hotipoti mpaka urudi. Kufua iwe siku mbili kwa wiki, tena kwa maji ya baridi. Maji ya Dar yanayotoka kwenye tangi la juani yana ubaridi gani wa kuyachemsha? Ukizima kuchemsha, mashine inabaki na mota tu, na mota hailingani kabisa na hita. Mkipanga hivi, saa saba mchana binti amemaliza, anakwenda zake.

Pasi ni ya Jumapili saa sita, sare za wiki nzima kwa mkupuo. Siku hiyo baba watoto yupo. Mwenye ratiba naye alipate jasho lake kidogo, ataielewa vizuri zaidi. Masika yakiingia, Machi hadi Mei, kuna siku wingu halitoki tangu asubuhi. Siku hiyo karatasi isifuatwe, tumieni LUKU bila kulaumiana.

Tena fundi aje aipange inveta: mchana sola kwanza, usiku betri, zikifika nusu ihamie TANESCO yenyewe. Inveta nyingi za siku hizi zinaweza, ila swichi ya TANESCO ikiwa imezimwa haina pa kuhamia. Ndicho kilichomtoa jasho mwanao.

Jumapili hii kaeni mezani watatu, binti akiwemo, muandike karatasi upya. Muulize kwanza mafunzo yanaanza saa ngapi, hiyo saa iandikwe juu kabisa, kazi zipangwe kuizunguka. Na leo usiku, kabla hamjalala, iwashe ile swichi.