Kipimajoto pekee hakimlindi mpishi wa meli

SWALI: Mwanangu alisomea upishi hapa Kisumu na sasa amepata kazi jikoni kwenye meli ya watalii. Ameambiwa kukizuka ugonjwa, kila anayepanda hupimwa joto kwenye paji la uso na kujaza fomu ya afya. Nikiikumbuka ile meli iliyozuiliwa Japani mwaka 2020, usingizi unanipaa. Je, kipimo hicho kinatosha? Na kwa nini wasipimwe wote kwenye maabara, mambo yakaisha? – Mama wa Nyalenda

JIBU: Mama, hongera kwa kijana. Kipimo hicho hakitoshi, na sisi maafisa wa afya ya umma hatukitumii tukidhani kinatosha.

Kipimajoto cha kulenga usoni husoma joto la ngozi kwa wakati ule tu. Aliyeambukizwa jana bado hana homa: dalili za Ebola huchukua siku 2 hadi 21 kujitokeza, za korona zinaweza kuchukua hadi siku 14. Aliyemeza dawa ya kushusha homa asubuhi naye atapita. Isitoshe, chenyewe hudanganyika. Pale mpakani Busia, dereva aliyesimama juani saa saba mchana anaweza kusoma juu ilhali ni mzima, na abiria wa bodaboda aliyenyeshewa akasoma chini hali ana homa. Ndiyo maana anayesoma juu huketishwa kivulini kwanza, kisha hupimwa tena kwa kipimajoto cha kwapani na kuulizwa maswali. Mtu akirudishwa kwa usomaji mmoja tu, hapo kazi haijafanywa.

Meli unayoikumbuka ni Diamond Princess. Ilikuwa na watu 3,711, abiria na wafanyakazi pamoja. Walioambukizwa walifika 712, na karibu nusu yao hawakuwa na dalili yoyote walipochukuliwa sampuli. Kipimajoto kingewapitisha hao wote. Linalomgusa kijana wako zaidi ni hili: abiria walifungiwa vyumbani, lakini wafanyakazi waliendelea kupika na kuwapelekea chakula, na wengi walilala chumba kimoja na wenzao. Kati ya wafanyakazi 20 waliothibitishwa mapema kuwa na virusi, 15 walikuwa wa huduma ya chakula. Karantini iliyowakinga abiria iliwaacha wapishi wakiambukizana, na kwangu hilo ndilo funzo zito kuliko yote yaliyotokea pale.

Kuhusu maabara, tufanye hesabu. Tuseme abiria ni 3,000, wote wazima, na kipimo hukosea kwa mtu 1 katika kila wazima 100. Watu 30 watazuiwa bure. Wakati huohuo, aliyeambukizwa juzi anaweza kupewa jibu kwamba hana ugonjwa, akapanda akijiamini na kukaa meza moja na wenzake. Vipimo vina kazi kubwa kwa wenye dalili na kwa waliotangamana nao, hasa vikirudiwa baada ya siku kadhaa. Kumpima kila mtu mara moja langoni hakumalizi jambo.

Kinachosaidia zaidi ni ile fomu ambayo watu huiona karatasi tu. Inauliza umetoka wapi, umemuuguza nani, umetapika au kuharisha siku za karibuni. Chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, bandari inaweza pia kumtaka nahodha ajaze tamko la afya la meli, linaloeleza kama kuna aliyeugua au kufa safarini. Lakini karatasi zote hizo zinategemea mgonjwa kusema. Abiria aliyedunduliza nauli kwa miaka ataficha homa yake akijua hatarudishiwa pesa, na mpishi ataficha tumbo lake akijua siku ya ugonjwa haina mshahara. Mimi nasema wazi: kampuni inayomruhusu mgonjwa kuahirisha safari bila hasara inazuia maambukizi mengi kuliko inayonunua mitambo ya bei ghali na kuwaadhibu wanaosema kweli.

Kwa mpishi, adui wa kila siku melini ni norovirusi. Huanza saa 12 hadi 48 baada ya kuambukizwa, kwa kutapika na kuharisha, mara nyingi bila homa kali. Kitakasa mikono cha alkoholi hakikiwezi vizuri kirusi hiki. Anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kila atokapo msalani na kila kabla ya kugusa chakula. Akiugua, akae mbali na jikoni hadi zipite angalau saa 48 tangu dalili ziishe, hata akijisikia amepata nafuu mapema.

Kabla ya kusafiri, apate chanjo ya homa ya manjano kama hana, maana nchi nyingi humdai cheti anayetoka Kenya. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano na sasa hudumu maisha yote, kwa hiyo asingoje wiki ya safari.

Na kabla hajatia sahihi mkataba, aulize mambo mawili na ajibiwe kwa maandishi: akitengwa kwa sababu ya ugonjwa, mshahara wake utaendelea? Na atalala wapi, chumba cha peke yake au kilekile anacholala na wenzake?